Ghala la Makumbusho: Vitu Vingi, Watu Wachache

Mtu aingiapo katika jumba la makumbusho huona vitu vimepangwa vizuri nyuma ya vioo, kila kimoja na maelezo yake, naye hutoka akidhani kwamba ameiona mali yote ya jumba lile. Sivyo. Vitu vilivyowekwa mbele ya macho ya watu ni sehemu ndogo tu, na katika majumba makubwa ni sehemu ndogo mno. Vingine vyote vimo ghalani, katika makabati na rafu na masanduku, mahali ambapo wageni hawafiki. Jumba la makumbusho ya viumbe la London lina vitu kiasi cha milioni 80, na lile la Washington, Marekani, lina zaidi ya milioni 140. Mtu akitaka kuvitazama vile vya London tu, kimoja kwa sekunde moja, mchana na usiku bila kulala, itamchukua zaidi ya miaka miwili na nusu.

Majumba hayo yana mamia ya watumishi, na hata hivyo husema kwamba kazi ni nyingi kuliko mikono. Katika nchi zetu jumba laweza kuwa na vitu makumi ya maelfu na watunzaji watatu au wanne, na huenda mmoja wao ndiye huyo huyo anayeuza tikiti mlangoni. Katika makala haya nataka kueleza jinsi watu wachache wawezavyo kutunza vitu vingi namna hiyo. Neno lililo kubwa katika kazi hii ni moja: kwanza hufanywa kazi ndogo inayovifaa vitu vyote, ndipo hufuata kazi kubwa inayokifaa kitu kimoja kimoja. Watu wengi hufanya kinyume, wakatumia mwaka mzima kukisafisha na kukieleza kiti kimoja cha mfalme, hali paa la ghala linavuja.

Makumbusho ya Uganda yatafaa kuwa mfano wetu, kwa kuwa wengi wetu tumefika pale Kitante tukiwa wanafunzi. Habari yake yaanza mwaka 1907, wakati George Wilson, mmoja wa wakuu wa serikali ya Kiingereza, alipotoa amri kwamba vikusanywe vitu vyote vya kupendeza vya nchi hii. Mwaka 1908 vikawekwa katika nyumba ndogo kwenye ngome ya Lugard, juu ya kilima cha Kampala ya zamani. Waganda waliiita nyumba hiyo Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya pembe za uganga, maana ndani yake mlikuwa na vitu vingi vya ibada za kienyeji ambavyo watawala na wamisionari walikuwa wamevichukua. Katika miaka ya 1940 vitu hivyo vilihamishiwa Makerere, vikatunzwa na Bibi Margaret Trowell, ambaye wengine watamkumbuka kwa shule yake ya sanaa. Mwaka 1954 vikahama tena, mara hii vikaingia katika jumba jipya lililochorwa na Ernst May, na huko ndiko viliko hadi leo.

Kila aliyehama nyumba ajua mambo ya kuhama. Sanduku hili lilikuwa la vyombo vya jikoni, na mwisho wake limejaa viatu, na ule ufunguo hauonekani tena. Kwa mwenye nyumba hasara hiyo si kubwa, kwani sufuria ni sufuria hata ikiwa katika sanduku la viatu. Kwa makumbusho ni jambo jingine kabisa. Kitu cha makumbusho kina sehemu mbili: kitu chenyewe na habari zake. Habari hizo zikitengana na kitu, nusu yake imekufa, ijapokuwa kitu kingali kizima rafuni na hakina hata ufa.

Tuseme iko ngoma ndefu, na cheti chake kimeanguka. Mtunzaji mpya akiikuta ataandika katika daftari, “Ngoma, Uganda.” Maneno hayo ni kweli, lakini hayamfai mtu. Mganda akiitazama atasema hii ni engalabi, si mbuutu wala empuunyi wala namunjoloba, na ngozi yake ni ya kenge, imeshikwa kwa vijiti vya mti, si kwa kamba. Hayo yaweza kujulikana kwa kutazama. Bali ni nani aliyeichonga, na kijiji gani, na ilipigwa katika sherehe gani, na ilitolewa kwa hiari au ilichukuliwa kwa nguvu? Hayo hayamo katika mti wala katika ngozi. Yalikuwa yamo katika karatasi ile ndogo, na huenda karatasi yenyewe ilifagiwa pamoja na vumbi na mtu aliyekuwa akifanya kazi yake vizuri.

Hasara ya namna hiyo haina moshi wala harufu, kwa hiyo haiandikwi magazetini. Hata wataalamu walichelewa kuihesabu. Wao wana desturi ya kuzitaja hatari kumi ziharibuzo vitu vya makumbusho: kuvunjika, wizi, moto, maji, wadudu na wanyama, uchafu wa hewa, mwanga, joto lisilofaa, unyevu usiofaa, na ya kumi ndiyo hii, kitu kutengana na habari zake. Iliongezwa mwisho. Mimi naona ingalistahili kuwa ya pili baada ya moto.

Moto ni wa kwanza bila shaka. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 jumba la makumbusho ya taifa la Brazil, mjini Rio de Janeiro, liliungua. Lilikuwa limeanzishwa mwaka 1818, na hesabu ya vitu vyake ilikuwa kiasi cha milioni 20. Uchunguzi ulionyesha kwamba moto ulianza katika mashine ya kupoza hewa, katika ukumbi wa chini. Wazima moto walipofika walikuta mabomba yaliyo karibu hayana maji ya kutosha, ikabidi yaletwe maji kwa magari. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo jumba lile halikuwa likipata fedha zake zote za matengenezo. Vitu vingi sana viliteketea, pamoja na sauti zilizonaswa za lugha za wenyeji wa Brazil, na baadhi ya lugha hizo hazina tena msemaji aliye hai.

Kuna mambo mawili katika habari hiyo yanayotuhusu. La kwanza ni kwamba mimea iliyokaushwa, na wanyama wenye uti wa mgongo, na maktaba kuu, vilisalimika kwa kuwa vilikuwa katika jengo jingine. Hapakuhitajiwa akili ya ajabu hapo, ila ukuta na umbali tu. La pili ni kwamba baada ya moto wanafunzi wa mji ule waliwaomba watu wote waliopata kulizuru jumba hilo wapeleke picha walizopiga, ili ipatikane angalau kumbukumbu ya sura za vitu vilivyopotea. Picha zilizopigwa na wageni kwa furaha zao zikawa ndizo orodha. Sisi wa Kampala, kwa kweli, hatuna haja ya kwenda Brazil kuujua moto. Tarehe 16 Machi 2010 makaburi ya Makabaka kule Kasubi yaliteketea, na miaka mingi ikapita kabla ya nyumba ile kusimama tena.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, na tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Tuseme jumba lina vitu 100,000 visivyoandikwa vizuri, na watunzaji watatu. Kila mtunzaji, akifanya kazi kwa uangalifu, aweza kukipima kitu, kukieleza, kukipiga picha na kukiandika katika daftari, vitu 10 kwa siku. Watatu watamaliza 30 kwa siku, na kwa siku 250 za kazi katika mwaka watamaliza 7,500. Basi itawachukua zaidi ya miaka 13, nao wasiugue, wasihamishwe, wasiitwe kuwapokea wageni wa serikali, na pasiletwe hata kitu kimoja kipya. Mtunzaji akiisha kupiga hesabu hiyo huweka kalamu chini.

Lakini vitu hivyo havikai angani, vimo katika rafu. Tuseme rafu ni 2,000. Mtu mmoja aweza kusimama mbele ya rafu, akaitazama yote kwa pamoja, akaandika mstari mmoja: iko wapi, ina vitu vya namna gani na kiasi gani, hali yake ni nzuri au mbaya, vyeti vipo au havipo. Rafu 40 kwa siku si nyingi. Siku 50 zikipita, ghala lote limetazamwa na mtu mmoja, na sasa pana jambo ambalo halikuwapo kabla, nalo ni ramani. Mwenye ramani ajua kwamba rafu ya 317 ina mikeka inayoliwa na wadudu, na kwamba rafu ya 1,204 ina vyungu ambavyo havitadhurika hata vikikaa vile vile miaka 20 mingine. Ataanza na ya 317. Asiye na ramani huanza na iliyo karibu na mlango.

Njia hii ya kutazama kwa rafu au kwa droo ilitengenezwa vizuri na Bwana Ronald McGinley, mtaalamu wa wadudu katika jumba lile la Washington, naye aliieleza kwa maandishi mwaka 1993. Wadudu waliokusanywa kule ni mamilioni kwa mamilioni, wala hapana serikali duniani iwezayo kuajiri watu wa kuwatazama mmoja mmoja. Akaweka ngazi kumi. Ngazi ya kwanza ni ya vitu vinavyoharibika sasa hivi, na kila ngazi ipandayo ni ya vitu vilivyotunzwa na kuelezwa vizuri zaidi. Kila droo hupewa namba ya ngazi yake. Mkuu wa jumba akiuliza, “Mwaka huu mmefanya nini?” hajibiwi tena kwamba tumefanya kazi nyingi. Hujibiwa kwamba droo kadha wa kadha zimetoka ngazi ya kwanza na kupanda. Na mwenye kuomba fedha kwa namba kama hizo husikilizwa zaidi kuliko mwenye kuomba kwa kulia.

Mwaka 2011 chama cha mataifa cha kuhifadhi mali za kale, kiitwacho ICCROM, chenye makao yake Rome, kwa kushirikiana na UNESCO kiliuliza majumba ya makumbusho ya nchi nyingi habari za maghala yao. Ilionekana kwamba kiasi cha 60 kwa 100 ya vitu vilivyomo maghalani duniani vimo katika hatari. Si Afrika peke yake. Ulaya pia kuna maghala ambayo mtu haingii bila kuruka masanduku. Basi wakatoa mafunzo yaitwayo RE-ORG, na aliyekuwa mbele katika jambo hilo ni Bwana Gaël de Guichen, mzee ambaye kazi yake kwa makumbusho ya Afrika ni ya miaka mingi. Kabla ya hapo mpango wa ICCROM ulioitwa PREMA uliwafundisha watunzaji wa Afrika tangu miaka ya 1980 hadi mwaka 2000. Baada yake vikabaki vyuo viwili vya Waafrika wenyewe, kimoja Porto-Novo, Benin, kwa wasemao Kifaransa, na kimoja Mombasa kwa wasemao Kiingereza.

RE-ORG haianzi na mashine wala fedha. Ina vipimo vyepesi ambavyo hata mtoto wa darasa la saba aweza kuvitumia. Kimoja ni hiki: taja kitu chochote kilichoandikwa katika daftari, kisha tazama saa. Kitu hicho chapasa kuonekana katika dakika tatu. Kingine: kitu chochote chapasa kufikiwa bila kuondoa zaidi ya vitu viwili vilivyo mbele yake. Kingine: pasiwe na kitu hata kimoja cha makumbusho juu ya sakafu. Na kingine, ambacho nakipenda zaidi kwa kuwa chawaudhi watu wengi: katika ghala la vitu vya makumbusho pasikae kitu kingine chochote isipokuwa vitu vya makumbusho.

Mtu atadhani hicho ni chepesi. Fungua ghala lolote lililosahauliwa uone. Utakuta viti vilivyovunjika vya ofisini, mabango ya maonyesho ya miaka kumi iliyopita, makopo ya rangi, taipureta tatu, mafaili, baiskeli ya mlinzi, na maboksi ya vitabu visivyouzwa. Vyote hivyo hula nafasi, na makopo ya rangi ni mwaliko wa moto. Watunzaji waliofanya kazi hii husema kwamba vitu hivyo vikiisha kutolewa, lile jengo jipya waliloliomba huonekana kuwa si la lazima tena, au si la lazima upesi. Kutoa takataka hakuhitaji digrii, kwahitaji ruhusa ya mkuu na wiki mbili za jasho. Hiyo ruhusa ndiyo ngumu, kwani kila kiti kilichovunjika kina mwenyewe.

Baada ya hapo kila chumba hupewa herufi, kila kabati namba, kila rafu namba, na namba hizo huandikwa juu ya rafu zenyewe kwa herufi kubwa. Kitu kikiwa B, kabati 4, rafu 3, basi huandikwa B.4.3 katika daftari, na kikitolewa kwenda kuonyeshwa au kupigwa picha, karatasi huachwa mahali pake kueleza kimekwenda wapi, siku gani, na kwa mkono wa nani. Rafu za mbao ngumu zafaa, rafu za chuma zafaa zaidi, na pasipo na fedha mbao zilizowekwa juu ya matofali si haba, mradi rafu ya chini iwe juu ya sakafu angalau sentimita 10, ili maji yakiingia yapite chini, na ufagio nao upite. Na rafu zisigusane na ukuta wa nje, maana ukuta huo hutoa unyevu wakati wa mvua. Unyevu wa hewa ukipita kiasi cha 65 kwa 100 na kudumu, ukungu huanza kuota juu ya ngozi, magome na karatasi.

Katika nchi hizi za joto adui wa kila siku ni mdudu. Mchwa twamjua. Bungua naye twamjua kwa unga wake chini ya viti. Asiyejulikana na wengi ni mbawakawa mdogo wa makumbusho, ambaye si mkubwa kuliko punje ya mtama. Mbawakawa mwenyewe hana neno, hula unga wa maua nje bustanini. Mtoto wake, kijidudu chenye manyoya, ndiye alaye sufu, manyoya ya ndege, ngozi, na wadudu wakavu waliochomwa pini. Mtu aweza kufungua droo ya vipepeo akakuta pini zimesimama sawasawa na vyeti vyake, na vipepeo hakuna.

Zamani dawa ilikuwa sumu. Ngozi na ndege waliojazwa pamba walipakwa aseniki, na baadaye ikaja DDT. Sumu hizo zingalimo katika vitu vingi vya zamani, kwa hiyo mtu asishike ndege wa zamani aliyejazwa pamba bila mipira ya mikono, wala asipulize vumbi lake. Siku hizi watunzaji hutumia njia isiyo na sumu. Mitego ya gundi huwekwa kando ya milango na katika pembe za vyumba, huandikwa tarehe, na kila mwezi wadudu walionaswa huhesabiwa. Mahali wanapoongezeka ndipo pa kutafuta chanzo. Kitu kipya hakiingii ghalani moja kwa moja, hukaa kwanza katika chumba cha peke yake na kutazamwa. Kikiwa na wadudu, hufungwa katika mfuko wa plastiki usioingiza hewa, hutiwa katika friji ya kugandisha yenye baridi ya digrii 20 chini ya sifuri, na kuachwa humo majuma mawili. Kikitolewa hakifunguliwi mpaka kipate joto la chumba, ama sivyo umande utakishukia. Si kila kitu chaweza kutendewa hivyo. Pembe za ndovu na mbao zilizopakwa rangi nene zaweza kupasuka. Lakini kwa mikeka, nguo, magome na vikapu, friji moja yafanya kazi ya watu kumi. Ufagio nao usidharauliwe, kwani makombo ya chakula cha mchana cha watumishi yameleta hasara nyingi kuliko wezi.

Tumekwisha kusema habari za cheti kinachoanguka. Dawa yake ni namba iandikwayo juu ya kitu chenyewe. Aghalabu namba huanza na mwaka kilipopokelewa, kisha nukta, kisha namba ya zamu yake, kama 1962.15, yaani kitu cha kumi na tano kilichopokelewa mwaka 1962. Huandikwa kwa wino mweusi juu ya tabaka nyembamba ya vanishi iwezayo kufutika, na kufunikwa kwa tabaka ya pili, mahali pasipoonekana mbele. Kwenye nguo namba huandikwa juu ya utepe na utepe hushonwa kwa nyuzi mbili tatu. Karatasi ya gundi haifai kamwe, maana hukauka na kuanguka, na gundi yake huacha doa. Kisha namba ile ile huandikwa katika daftari kuu, na daftari liwe na nakala, na nakala isikae katika jengo lile lile. Wengi hutimiza mambo yote haya isipokuwa hilo la mwisho.

Juu ya nakala, Makumbusho ya Uganda yana habari nzuri. Dr. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wake tangu mwaka 1948 hata 1957, alizunguka nchi akinasa nyimbo na ala za makabila mbalimbali. Sauti hizo ni zaidi ya 1,500, nazo zilihifadhiwa London. Kwa sababu zilikuwako huko zikiwa na orodha yake, baada ya miaka mingi nakala zake zimerudi, na Makerere iko nyumba ya kuhifadhia sauti yenye jina la Wachsmann. Si haki, mtu atasema, kwamba muziki wetu usalimike London. Kweli, lakini usingalisalimika popote kama kila sauti isingaliandikwa mahali iliponaswa na jina la mpigaji.

Hata vitu vilivyoondolewa nchini huweza kurudi kwa sababu hiyo hiyo. Masalio ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, yalichukuliwa na mmisionari John Roscoe mwanzoni mwa karne ya 20 yakapelekwa Cambridge. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru wetu, yalirudishwa Kampala. Mwaka 2024 chuo hicho hicho kilileta vitu 39 vingine kwa mkopo wa miaka mitatu. Mtu aweza kuuliza kwa nini tuazimwe vilivyo vyetu, na mimi nauliza pamoja naye. Walakini asiyeweza kuonyesha kwamba kitu ni chake, kwa jina na kijiji na mwaka, hana njia ya kukidai, na anayerudishiwa asipokuwa na rafu na namba ya kukipokea huwapa maneno wale wasiotaka kurudisha.

Kuna jambo moja wasilolipenda wakuu, nalo ni kukataa. Mzee mwenye heshima akileta mkuki wa baba yake, ni nani atakayemwambia, “Asante, mzee, lakini tuna mikuki mia mbili”? Hata hivyo jumba lenye watu watatu lisipojua kukataa, kila zawadi huongeza mzigo wa zile zilizokwisha kupokelewa. Yafaa liwe na maandishi yaliyokubaliwa na wakubwa, yasemayo jumba hupokea nini na halipokei nini, ili mtunzaji aonyeshe karatasi badala ya kuonekana mkorofi. Mkuki wenye hadithi kamili upokewe, hata kama ni wa mia mbili na moja. Usio na hadithi, mzee akae nao nyumbani, au kwanza akae na mtunzaji chini ya mti aisimulie hadithi hiyo iandikwe.

Kuhusu kompyuta sina maneno mengi. Ni chombo kizuri, na simu ya mkononi yenye kamera imekuwa baraka kubwa, kwani picha ya rafu nzima hupigwa kwa dakika moja bila gharama. Lakini kompyuta iliyoletwa kabla ya namba na daftari huwa ni kabati jingine tupu, tena linalohitaji umeme.

Na mikono ya kusaidia hutoka wapi? Aghalabu kwa watu wa kujitolea. Jumba la Washington na wenzake huweka picha za vyeti vya zamani mbele ya watu wa dunia nzima, na maelfu ya watu husoma mwandiko ule na kuunakili, kila mtu nyumbani kwake. Mwanafunzi wa shule ya sekondari hawezi kupewa chungu cha miaka 1,000 akisafishe, lakini aweza kuandika namba za rafu, kuhesabu mitego, kunakili daftari kwa mwandiko safi, kupiga picha, na, lililo bora zaidi, kuyasoma maneno ya lugha ya kwao ambayo mtunzaji wa kabila jingine hawezi kuyasoma.

Wala si lazima kungoja likizo tukaenda Kitante. Shule nyingi, na yetu ni mojawapo, zina kabati la vikombe, fuvu za wanyama katika maabara, na picha za timu za zamani ukutani: vijana kumi na mmoja wamekunja mikono, mpira mbele yao, na nyuma ya picha hapana jina hata moja. Waliomo katika picha hizo wangali hai wengi wao, na baadhi yao wanalisoma gazeti hili. Kwa hiyo wazee wetu waliosoma hapa wakija siku ya wazazi, nawaomba wasimame mbele ya kila picha pamoja na mwanafunzi mmoja mwenye daftari. Majina yatajwe kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza, kila jina pamoja na mwaka na nyumba aliyolala. Picha itolewe katika fremu, namba yake iandikwe nyuma pembeni kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, na pasigandamizwe kwa nguvu. Orodha iwe na nakala mbili, moja ikae ofisini kwa mwalimu mkuu na ya pili ipelekwe maktaba, ambayo iko jengo jingine.